Mbuzi Aliyefika Kortini

Harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa haina adabu. Inaingia hata ukifunga dirisha. Juzi, tulipokuwa tunajitayarisha kwa matanga ya baba, nilikwenda Shauri Moyo kwa mchinjaji ambaye familia yetu imenunua nyama kwake tangu zamani. Nje ya kibanda chake kijana mmoja alikuwa ameshika kichwa kwa koleo, anakigeuzageuza juu ya makaa huku manyoya yakiungua. Nikasimama pale. Mchinjaji akaniuliza, "Dada, vipi?" Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Uongo mtupu. Nilikuwa nimerudi utotoni, nimevaa gauni langu la Pasaka, nacheka mpaka magego yanaonekana, nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba dada yangu anaposwa.

Tulikaa pale pale Shauri Moyo, kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zile za chumba kimoja ambacho pazia hukifanya kuwa viwili. Baba alikuwa Mkamba aliyeletwa Nairobi na patasi yake. Alikuwa na nafasi yake pale Gikomba kati ya maseremala, akichonga maua na ndege kwenye mbao za vitanda vya watu wengine. Mama aliwapikia maseremala hao maharagwe. Dada yangu, Mwende, alikuwa amemaliza shule na hakutaka kusikia habari ya kufanya kazi kwa mtu. Alikuwa akitoka asubuhi na mapema, kabla hata chai haijachemka, kuwahi mabelo ya mitumba yakifunguliwa. Belo likikatwa kamba, mwenye miguu ndiye anayepata gauni zuri. Na Mwende alikuwa na miguu. Wanawake wa Gikomba walimwita Swara, na alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Kamau, mvuta mkokoteni, na mama yake tuliyemwita Cucu. Sheria zote za Kenya nilizozijua wakati huo nilifunzwa na yaliyompata Kamau. Siku moja, akiteremsha mzigo wa mbao, mkokoteni ulimshinda nguvu ukaparuza mlango wa gari la mtu. Jioni ile ile Kamau alilala seli, na haukupita muda akafungwa gereza la Industrial Area. Cucu alimfunga kuku wake miguu, akamtia kikapuni, akaenda mpaka nyumbani kwa mwenye gari, huko kwenye nyumba zenye miti, kumwomba msamaha kama mtu na mtu. Askari wa geti hakumfungulia. Alimwambia mdosi hapokei kuku. Kuku akarudi, Kamau hakurudi. Yule kuku aliishi kwenye ploti yetu miaka na miaka, na hakuna aliyethubutu kumchinja.

Basi mimi, kwa akili yangu ya darasa la tatu, nikajua hivi: mtu akigonga gari, mtu anafungwa. Kwa hiyo gari likigonga mtu, gari linafungwa. Nionyesheni kosa liko wapi.

Asubuhi moja Mwende alitoka mbio kama kawaida na hakufika Gikomba. Gari kubwa jeusi lilimkuta akivuka barabara. Aliyeliendesha alikuwa kijana wa umri wake, akitoka kustarehe, na wavuta mikokoteni waliomzuia asitoroke walisema pombe ilinukia hata nje ya dirisha. Hayo niliyajua ukubwani. Wakati huo nyumbani hakuna aliyetaja kijana yeyote mbele yangu. Niliambiwa Mwende amegongwa na gari, yuko hospitali, mguu umevunjika vibaya, niombe. Niliomba. Aliporudi, alirudi na plasta hadi nyongani na vyuma vikitokeza pembeni, na kitanda chake kikawekwa nyuma ya pazia.

Mama akaanza safari za kituo cha polisi, kuuliza kesi imefika wapi, na shule zikiwa zimefungwa alikuwa ananichukua. Yeye akiingia kwenye kaunta kuambiwa, "Mama, faili iko kwa mkubwa, rudi wiki ijayo," mimi nilibaki uani. Na uani ndipo nilipoliona. Lilikuwa limesimama kati ya pikipiki zilizoota kutu na lori lisilo na magurudumu. Boneti lilikuwa na shimo, kioo kimepasuka upande mmoja. Mama alikuwa amelionyesha kwa kidole mara moja tu, akasema, "Ndilo hilo," akageuka. Nilifurahi sana. Limefungwa, nikajiambia, kama Kamau. Kila tulipokwenda nililitembelea. Nilikuwa nalizunguka nikiangalia kama limekonda. Nililitemea gurudumu. Mara moja nilitia ngumi yangu kwenye lile shimo la boneti, nikashangaa jinsi bati lilivyo gumu na jinsi dada yangu alivyolipinda. Nilimweleza Mwende yote hayo jioni, na yeye akicheka akishika ubavu, akisema, "We katoto, siku moja utanimaliza."

Kisha tukaenda siku nyingine na halikuwapo. Mahali pake palikuwa na doa la oili na majani makavu. Nilimkimbilia askari aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akinywa soda. "Afande, lile gari jeusi liko wapi?" Akanitazama, akaona mtoto, akatabasamu. "Limepewa dhamana." Nikamwuliza litarudi lini kufungwa. Alicheka mpaka soda ikampalia. Mama alipotoka nilimwambia habari hiyo kwa uchungu, naye akanishika mkono akanivuta hadi nyumbani.

Sasa, wageni. Walikuja Jumamosi mchana, baada tu ya Pasaka, ndiyo maana nilikuwa bado navaa lile gauni kila nafasi niliyopata. Gari mbili na pikapu. Watoto wa mtaa wote walizizingira kabla injini hazijazimwa. Alishuka baba mtu wa suti, kisha mwanamume mwingine wa suti mwenye mkoba, ambaye nilikuja kujua ni wakili wao. Akashuka mzee wa kofia na bakora, aliyetusalimu kwa Kikamba cha ndani kabisa, kile cha bibi yangu, ingawa wale wengine hawakuwa Wakamba. Akashuka kijana mmoja mrefu, viatu vyake vinang'aa, kichwa chini. Wanawake wawili walibeba sukari, unga, majani ya chai na mablanketi mapya. Na nyuma ya pikapu, akitazama Shauri Moyo kwa dharau, mbuzi beberu, mweupe, mnene.

Mwaka ule ule binamu yangu alikuwa ameposwa kijijini, na nilikuwa nimeona kila kitu. Wazee wa upande wa mvulana huja na mbuzi wa ntheo. Mbuzi wakishaliwa, msichana ni wa watu, hata kama harusi itafanywa baada ya miaka. Na wageni wakifika, msichana hufichwa. Haya basi. Wazee hawa hapa, mbuzi huyu hapa, sukari hii hapa, kijana mwenye haya huyu hapa, na msichana yuko nyuma ya pazia. Ulitaka nifikirie nini?

Baba aliwakaribisha. Hakuwa na la kufanya. Watu wameshuka mlangoni kwake mchana kweupe. Aliwaketisha kwenye viti vyake vya kuchonga, viti ambavyo sisi tulikatazwa kuvikalia. Mzee wa kofia aliongea muda mrefu, kwa upole, kuhusu watoto wetu, na jinsi ajali haina kwao, na jinsi watu wazima huketi pamoja. Baba alisikiliza, mikono magotini. Kisha akasema, na nakumbuka kwa sababu alisema kwanza kwa Kikamba kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Mmefika kwangu, mtakula. Lakini mambo ya mtoto wangu yako kwa serikali. Na wajomba zake hawako hapa." Mzee wa kofia akaitika, "Tumekuelewa kabisa, mzee mwenzangu." Yule wa mkoba akatabasamu.

Nilitumwa maji. Kwenye mfereji nikawakuta baba na mama wamesimama, wakigombana kwa sauti ya chini.

"Baba Mwende, usimchinje huyo mbuzi."

"Nimwache amefungwa pale wageni wakinitazama? Mimi ni mtu wa namna gani?"

"Mwache tu."

"Mbuzi wa kupatanisha hachinjwi bila wajomba. Kuna wa kusimama, kuna maneno yake. Bila hayo ni nyama tu, kama ya hotelini. Wewe unajua."

"Mimi najua," mama akasema. "Wale wanajua?"

Baba alikwenda akanoa kisu. Nimemtetea baba kwa hilo maisha yangu yote na nitaendelea. Alikuwa anajua mila zake kiasi kwamba hakuweza kufikiri mtu mwingine angezitumia nusunusu. Kwake nyama ilikuwa nyama na maafikiano yalikuwa maafikiano, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na ukoo mzima unaopaswa kusimama na kusema.

Mimi huku nikaingia nyuma ya pazia na habari zangu. "Mwende," nikamnong'oneza, "bwana harusi amekuja. Ana viatu vizuri sana."

"Bwana harusi gani?"

"Wako."

Akaniambia nifungue pazia kidogo. Alichungulia. Sikuwahi kuona uso wa dada yangu ukifanya vile; ulitulia, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Alikuwa amemwona yule kijana mara moja tu maishani, kupitia kioo cha mbele. Kisha akasema, "Mwambie aje anisalimie."

Nikatoka mbio, gauni likipepea, nikasimama katikati ya wazee. "Dada anasema uje umsalimie."

Kijana aliinua kichwa, na nikaona macho yake ni mekundu. Akaanza kuinuka. Nawaambieni aliinuka, alikuwa ameshaacha kiti. Baba yake akamwekea mkono kwenye goti, na yule wa mkoba akasema haraka, "Si lazima. Mgonjwa apumzike." Kijana akaketi. Nilirudi kwa Mwende nikamwambia ana haya. Mwende akageukia ukutani.

Mbuzi alichinjwa, akachomwa, kichwa kikababuliwa nje ya mlango kwa ajili ya supu, na harufu ikajaa mtaa mzima. Mama alipakua, akahudumia kila mtu, na hakutia kinywani hata kipande. Nilidhani ni huzuni ya kuachwa na binti. Walipokuwa wakila, dereva wao akatoa simu akaanza kupiga picha. "Za kumbukumbu," akasema. Akampiga baba picha akipokezana nyama na yule wa suti. Akanipiga mimi nimeshika mfupa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika koti la mzee wa kofia, nacheka. Kwetu sisi picha zilikuwa chache. Nilimwuliza kama atatuletea. Akasema, "Utaiona tu."

Hapo hakusema uongo. Niliiona kortini.

Mama alitupeleka sote, maana hakuwa na wa kumwachia nyumba na alitaka hakimu amwone Mwende kwa macho yake. Mwende alikuwa ameshaanza kutembea kwa magongo. Alivaa gauni la samawati alilokuwa amelipata kwenye belo la mwisho kabla ya ajali, na alikuwa amejifunza nyumbani atakachosema: alikuwa upande gani wa barabara, taa zilikuwaje, gari lilikuja vipi. Alinifanya niwe hakimu, nikimwuliza maswali nimekaa juu ya kitanda. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi: aongee, na yule kijana awe anamsikiliza.

Kesi ilipoitwa, yule wa mkoba alisimama akasema kwamba kwa furaha kubwa familia hizi mbili zimeketi pamoja kwa mujibu wa mila za walalamishi, mbuzi ameliwa, na mambo yamekwisha. Akatoa picha. Mwendesha mashtaka akasema hana pingamizi. Hakimu akazipitia moja moja. Alipofika kwenye moja aliitazama muda, kisha akatutazama sisi kwenye benchi, na macho yake yakanikuta mimi. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Akasema, kama mtu anayefarijika, "Naona hata mtoto amefurahi."

Akamwita baba.

"Mzee, huyu kwenye picha ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Na hiyo ni nyama ya mbuzi waliyemleta?"

"Ndiyo."

"Ulikula?"

"Nilikula, mheshimiwa, lakini..."

"Asante, mzee. Inatosha."

Baba alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, mkono umeinuliwa. Ndipo mama akainuka kutoka benchini, leso yake begani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Mimi sikula." Karani akamwambia aketi. Akarudia, taratibu zaidi, "Mimi sikula." Askari akamjia, akamshika kiwiko bila ukali, na mama akaketi. Mwende alikuwa ameshajisukuma hadi ukingoni mwa benchi, magongo mkononi, akingoja jina lake. Lilikuwa limetajwa tangu asubuhi, msichana huyu, majeruhi huyu, Mwende binti wa fulani. Lakini kuitwa hakuitwa. Kesi iliondolewa, na yule kijana akatoka kwa mlango wa mbele pamoja na babaye, viatu vikilia sakafuni. Kwenye kizingiti aligeuka akatutazama. Babaye akamshika bega.

Siwezi kuwaambia kwamba hakimu alihongwa. Sijui, na sitasema nisilolijua. Wala sidhani yule kijana alikuwa mnyama; nadhani peke yake angevuka lile pazia. Ninachojua ni kwamba wao walipotutaka walitupata, kwa sababu mlango wetu haukuwa na geti wala askari. Walikodi hata mzee wa kututamkia Kikamba vizuri. Cucu naye alikwenda kwao na mila zile zile, kuku mzima kikapuni, na mila zake zikaishia getini.

Kamau alipotoka jela nilimsimulia yote, pamoja na habari ya gari lililofungwa. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye mkokoteni wake. Kisha akajifuta macho akasema, "Basi kwa hiyo kesi yote, aliyelala ndani ni gari peke yake." Mama alimsikia kutoka jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu ajali.

Mwende hakukimbilia belo tena. Ana kibanda chake Gikomba, ameketi, mabelo humfuata yeye, na ukimletea gauni baya atakutukana vizuri. Mguu wake mmoja ni mfupi. Baba alimchongea bakora ya mti mgumu, yenye swara kichwani, akaing'arisha kwa nta mpaka unajiona. Lakini baba mwenyewe alibaki pale kizimbani. Yaani kwa miaka yote iliyobaki, alikuwa akimalizia sentensi yake. Angekuwa anapiga msasa ubao, mteja amekuja kuuliza kitanda, na baba angeinua kichwa aanze: "Unajua, kweli nilikula, lakini wajomba hawakuwapo." Wateja waliitika tu. Maseremala wenzake walijua maneno yote kwa moyo. Alipolazwa, aliwaeleza manesi. Nadhani alitumaini siku moja, katikati ya watu wote hao, atatokea hakimu mmoja.

Matanga tulifanyia kwangu, mtaa wa Lucky Summer, chini ya turubai. Kamau alikuja, mvi tupu sasa, akiwa amebeba jogoo wa kumpa mama, na mama alimpokea kwa mikono miwili. Mchungaji alipouliza kama kuna wa familia mwenye neno, nilijua nitasimama mimi, maana mimi ndiye msemaji. Mwende alinitangulia. Alisimama kwa ile bakora yake, akangoja watu wanyamaze.

"Baba yangu alikula," akasema. "Mnajua wote, aliwaambia. Alikula kwa sababu mgeni alikuwa kwake. Lakini hakusamehe kwa niaba yangu. Hiyo ndiyo lakini yake, na leo nimeimaliza, apumzike."

Watu wakaguna kwa kukubali. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuinuka. Hakuwa amemaliza.

"Mimi walinipita. Nilikuwa nyuma ya pazia, wakanipita. Nilikuwa kwenye benchi, wakanipita. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Kwa hiyo leo nitajiuliza mwenyewe." Akahamisha mkono kwenye kichwa cha swara. "Mwende, umesamehe?"

Akafikiri, kweli, mbele ya watu wote, kama mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza.

"Bado," akajibu, akaketi, akaomba apewe chai.